Waya wa Kahawia

"Sogeza tochi. Si hapo. Hapo, kwa bolti."

Koplo Sifuna akasogeza. Alikuwa amekunja mgongo ndani ya kibanda cha pampu kisichomtosha mtu wa urefu wake, tena alikuwa ametolewa nyumbani bila chai, na yote mawili yalimkaa usoni. "Madam, na hii kitu tulimaliza jana. Vijana wa zamu walifungua boksi, wakapiga picha, wakafunga."

"Walitumwa kutafuta nini?"

"Kazi mbaya ya Tobias."

"Basi wakaipata," Inspekta Mbula alisema bila kugeuka. "Wewe ukitumwa kutafuta kazi mbaya ya mtu, utarudi mikono mitupu?"

Mambo yalikuwa hivi. Jana, Jumatatu asubuhi, Mzee Muigai, mwenye ploti hii ya Gatongora na kisima kinachonywesha nusu ya mtaa, alikuja kuangalia pampu yake akiwa na malapa yaliyolowa maji. Akashika mpini wa hili boksi la chuma na hakuuachilia tena. Kufika mchana, Tobias, fundi aliyeweka stima ya ploti nzima, alikuwa ndani ya seli Ruiru. Leo saa nane angefikishwa mbele ya hakimu Thika kwa shtaka la mauaji, na mtu akishaingia kwa mlango huo kutoka kwake si jambo la wiki moja. Faili ilikuwa tayari. Kilichobaki ni sahihi ya Mbula, na Mbula, ambaye kichwa chake ni kigumu na yeye mwenyewe anajua, alikuwa amekataa kuitia kabla hajaliona boksi kwa macho yake. Bosi wake alimpa asubuhi moja tu, na alimpa akinung'unika.

"Angalia," Mbula alisema. "Nimezunguka ploti yote nikiangalia kazi ya huyu Tobias. Kila mahali ule waya wa kijani na manjano, wa athi, wa kupeleka hitilafu ardhini, ameufunga kwa bodi, chuma chenyewe cha boksi. Kila mahali. Hapa umetolewa. Umekatwa, umefungwa tepu, umeachwa unaning'inia. Sasa kwa bolti ya bodi kuna waya gani?"

"Wa kahawia."

"Unatoka wapi?"

Sifuna akaufuata kwa kidole bila kuugusa, ingawa stima ilikuwa imezimwa na ni yeye mwenyewe aliyeizima. "Kwa floti."

Floti ni ile swichi ya plastiki inayoelea ndani ya tangi kule juu ya paa. Maji yakipungua inaamuru pampu iwake, yakijaa inaiamuru izime. Hii ya Mzee Muigai ilikuwa mpya kabisa, kebo yake ingali inang'aa.

"Shika hiyo tepu," Mbula alisema.

"Ni ya kitambaa."

"Tobias anatumia ya plastiki, nyeusi, kutoka geti mpaka choo cha nyuma. Na mwisho wa huu waya wa kahawia kuna pete ya shaba iliyobanwa na mashine. Tobias hana pete. Yeye hupinda waya kwa plaisi na kuuzungusha kwa skrubu. Umeona popote amefanya hivi?"

"Hapana."

"Hii si kazi mbaya, Sifuna. Hii ni kazi safi sana, na si yake."

Hapo Sifuna akasahau chai. Akachutama karibu naye, magoti yakalia, na tochi ikatulia bila kuambiwa.

Nje, turubai lilikuwa limeshafungwa na viti vya plastiki vimepangwa. Jamaa walikuwa wanaingia kwa makundi, wanawake na sufuria, wanaume na simu. Mwas, mtoto wa marehemu, ndiye aliyekuwa anawapokea. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu na kucha nyeusi, aliyevaa shati jeupe ambalo bila shaka aliazima, na alipomwona Mbula alimjia moja kwa moja.

"Afande, huyo mtu anaenda kotini ama haendi? Tumeitisha magari. Tunaenda wote."

"Saa nane, Thika," Mbula alisema. "Pole sana, kijana."

"Pole haitoshi, madam. Mi nataka afungwe. Nataka nikae hapo mbele nimwone usoni."

Hakuna aliyemlaumu. Mbula akampita, akaenda kuketi kando ya mjane, Ngendo, ambaye alikuwa ameshikilia kikombe cha uji bila kukinywa.

"Mami, nisamehe, nina maswali machache. Pampu iliharibika lini?"

"Ijumaa. Mimi nilikuwa njiani kwenda Murang'a, kuna ruracio, mahari, ya mtoto wa dada yangu. Baba Mwas akanipigia, ati wapangaji wanapiga kelele hakuna maji. Jumamosi jioni akapiga tena, sasa akiwa na furaha. Akasema maji imerudi."

"Alisema nani ametengeneza?"

"Si ni Tobias."

"Alisema ni Tobias?"

Ngendo akamwangalia kwa hasira ya mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Hakusema jina. Nani mwingine? Hiyo stima yote ni yake. Na Jumapili ameonekana hapo kwa kibanda peke yake, wapangaji wote wamemwona. Na wiki iliyopita amesimama hapo mlangoni akamwambia bwana yangu, hii stima siku moja itakuua. Mbele ya watu. Ngai, mtu anaweza kusema hivyo na asiwe na kitu kwa roho?"

Mbula hakubishana naye. Aliinuka, akamfanyia Sifuna ishara, na kabla injini haijashika vizuri alikuwa ameshafunga mkanda. Floti yenyewe walikuwa wameiteremsha kwa paa, wakaiweka ndani ya mfuko wa ushahidi, na Sifuna aliiweka mapajani kwake kwa adabu nyingi.

*

Kwenye kaunta ya kituo, Akoth, mke wa Tobias, alikuwa amesimama na thamosi na mkebe wa chakula. Alikuwa amesimama hapo tangu alfajiri.

"Madam, anarudi leo?" aliuliza.

Mbula alisema hajui, na akaharakisha, kwa sababu ni vibaya kumwambia mtu hivyo ukimtazama.

Tobias alikuwa mtu mfupi, mnene wa mabega, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kujieleza. Mbula hakumpa nafasi ya kuanza mwanzo.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Mimi ni Msabato, madam. Jua la Ijumaa likizama sishiki plaisi mpaka la Jumamosi lizame. Hata kwangu taa zikizima tunawasha mshumaa. Muigai anajua hivyo miaka yote. Alinipigia, nikamwambia nitakuja Jumapili, akanikatia simu."

"Na Jumapili?"

"Nikakuja. Nikiwa kwa geti nasikia pampu inanguruma. Nikaenda mpaka kwa kibanda, naona kebo mpya imeingia kwa boksi. Nikajua ameleta mtu."

"Ukafungua uone."

"Sikufungua."

"Boksi ni lako, umeliweka wewe, na hukufungua?"

"Lilikuwa langu mpaka huyo mtu alipoingia. Baada ya hapo ni lake." Tobias alisogea karibu na vyuma. "Fundi hafungui kazi ya fundi mwenzake kama mwenye nyumba hajamwita. Ukifungua, kesho ikiharibika, ni wewe uliharibu. Kila mtu wa hii kazi anajua hivyo. Mimi nilikaa mbali nisipate lawama, na sasa niangalie. Nina uchungu, madam, siwezi kukuficha. Ningefungua, ningeona, na yule mzee angekuwa hai."

"Ulimwambia stima itamuua."

"Nilimwambia. Alikuwa anakuja kuwasha na kuzima akiwa na malapa yamelowa. Ningemwambia nini, ati endelea?"

Sifuna alikohoa akificha kicheko. Mbula akauliza, "Jumapili, kuligusa uliligusa?"

"Nililiwekea mkono hivi, juu ya mfuniko, nikisikiliza pampu. Mkono mzima."

"Haikukushika?"

"Hata kidogo."

Boksi lilelile, waya uleule, na asubuhi iliyofuata limemuua mtu. Ama Tobias alikuwa anadanganya, ama lile boksi lilikuwa na saa zake za kuua na saa zake za kulala. Mbula alianza kutembea huku na huku mbele ya seli, na Sifuna, aliyemjua, akatoa funguo za gari mfukoni.

"Kama si wewe, ni nani angemwendea Muigai Jumamosi?"

"Mimi nawaza Kyengo. Yuko Thika, anasuka mota zilizoungua. Hiyo mota ya pampu ameshapelekewa zaidi ya mara moja, na Muigai alikuwa na namba yake." Tobias akatikisa kichwa. "Lakini sina uhakika. Mtu wa mota haendi kwa nyumba. Watu husema fundi wa stima, fundi wa stima, wanadhani ni mtu mmoja. Mimi ukinipa mota nisuke, nitakuharibia na nitakuomba msamaha. Na yule wa kupanda nguzo, mpe jiko lako, ataliangalia tu."

Simu ya Mbula ililia wakiwa wanatoka. Ilikuwa bosi. "Umetia sahihi?"

"Bado, mkubwa."

"Mbula."

"Nitakupigia nikifika Thika," alisema, na akakata kabla hajaambiwa asiende.

*

Kyengo alikuwa mtu wa tumbo na kelele. Karakana yake ilinuka vanishi mpaka macho yalilia, na ndani, mota zilikuwa zimefunguliwa matumbo, nyaya zake za shaba zimepangwa kwa utaratibu ambao hakuna mtu angeutarajia kwa mwenye meza chafu hivyo. Aliposikia jina la inspekta alichangamka.

"Mbula wa wapi? Wa Mwala? Mimi nina watu Mwala."

"Mbula wa polisi. Jumamosi ulikuwa Gatongora kwa Mzee Muigai."

Uchangamfu ukaisha. "Jumamosi nilikuwa hapa. Uliza hii laini yote. Mimi mota ikiugua inaletwa kwa toroli, inalala hapo, inaenda. Mimi nipande paa la mtu na hili tumbo?"

"Ulikuwa na ugomvi na Tobias?"

"Tobias yupi? Yule wa Ruiru? Tunapigiana simu mota ikifa. Yeye hajui kazi yangu, mimi sijui yake, tutagombania nini?"

Mbula akamwekea simu mbele, picha ya ile tepu. Kyengo akavaa miwani, akacheka.

"Tepu ya kitambaa. Mimi, madam, ni uzi na vanishi. Ndani ya mota tepu itayeyuka siku ya kwanza." Akatelezesha kidole mpaka picha ya pili, ya bolti. Kicheko kikakatika. "Kahawia kwa bodi? Huyu alikuwa amelewa."

"Mlevi anaweza kubana pete hivyo?"

Kyengo akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama sana. "Hapana. Huyu ana mkono."

Basi Kyengo akaanguka kutoka kwenye orodha ya Mbula hapo hapo, na orodha ikabaki tupu, na saa sita ilikuwa imepita. Mtu mwingine angepiga simu, akatia sahihi, akaenda kula. Mbula alifungua mfuko wa ushahidi juu ya meza ya watu.

"Nisaidie na nafasi, na taa mbili za kupimia, na stima kidogo. Nataka kujua kwa nini boksi lilimwacha mtu Jumapili."

Floti ilikuwa na nyaya tatu: nyeusi, bluu, kahawia. Akaifunga nyeusi kwa stima, taa moja akaipa bluu, nyingine akaipa kahawia, Kyengo akimsimamia mgongoni na kusema polepole, polepole, usinichomee karakana. Kisha akainua kebo, akaiacha floti ining'inie kichwa chini, kama inavyoning'inia tangi likiwa na maji kidogo.

Taa ya bluu ikawaka.

"Hapo pampu inanguruma," Mbula alisema. "Tangi lina kiu. Sasa mimi ni maji." Akaibeba floti kwa kiganja, akaipandisha taratibu mpaka ikalala, mpaka ikainuka juu. Ndani kukasikika kijiwe kikigonga. Taa ya bluu ikazima, na ya kahawia ikawaka.

Mbula akaishusha, bluu. Akaipandisha, kahawia. Alifanya hivyo tena kwa raha tu, na Sifuna akaanza kuongea kabla ya kuambiwa.

"Tangi likijaa, stima inahama. Inaingia kwa kahawia. Na kahawia iko kwa bodi."

"Na athi, ambayo ingeangusha swichi kuu kabla mtu hajaumia, imekatwa. Kwa hivyo boksi lote linakaa na stima, linangoja mkono."

"Lakini Jumapili..."

"Jumapili wapangaji walikuwa wametoka kwa ukame tangu Ijumaa. Kila tone likiingia linachotwa, wanafua, wanajaza mapipa. Tangi halikupata nafasi ya kujaa mpaka Jumapili walipolala. Tobias aliweka mkono wakati wa bluu. Mzee aliweka wakati wa kahawia."

"Wacha," Kyengo alisema, akaketi juu ya mota.

Sifuna alikuwa amechangamka kabisa sasa. "Basi ni mtego, madam. Mtu ametega Jumamosi, akaenda zake, akijua itaua akiwa mbali."

"Ndio maana nakupenda, unafikiri vibaya haraka." Mbula alikuwa anakunja kebo. "Mtu wa kutega anaficha. Huyu ameweka pete ya shaba mahali penye mwanga, akakaza bolti, akafunga tepu vizuri. Huyu alikuwa anafanya kazi anayoijua. Nitajie fundi mwenye anajua kwamba kahawia ni wa bodi."

"Hakuna. Kahawia ni wa moto, ndio unaleta stima. Hata mimi polisi najua."

"Yuko," Mbula alisema. "Hatujamwona tu."

Na wakamwona, au karibu wamwone, kabla ya kulifikia gari. Karakana zilikuwa zimeshikana bega kwa bega, na mlango wa tatu kutoka kwa Kyengo palikuwa na lori refu la Kijerumani, kichwa chake kimelazwa mbele, matumbo nje. Msichana wa ovaroli ya buluu alikuwa amelala juu ya injini. Mbula alipita hatua mbili, kisha akarudi nyuma kwa kisigino. Ubavuni mwa fremu kulikuwa na bolti moja nene, na kwa bolti hiyo kulikuwa na rundo la nyaya, zote na pete za shaba zilizobanwa, zote zimezungushiwa tepu ya kitambaa. Zote za kahawia.

"Sasa, mrembo," Mbula alisema. "Hizi za kahawia zinafanya nini hapo?"

"Hizo ni bodi, madam." Msichana, ambaye ovaroli yake iliandikwa Mitchell, hakuinua kichwa. "Hizi za Wajerumani kahawia yote inaenda kwa bodi. Ni ya kurudi kwa betri. Ukiona kahawia hujiulizi, unafunga kwa chuma."

"Hata kama sijui inatoka wapi?"

"Hata ukiwa umefunga macho. Mkono unaenda wenyewe."

"Na ya kijani na manjano?"

Mitchell akafikiria. "Hiyo inategemea. Inaweza kuwa ya taa, ya chochote. Hiyo si ya maana hivyo."

Sifuna alitoa sauti ndogo ya mtu aliyekanyagwa kidole. Mbula akamshika mkono anyamaze. "Nani hapa anajua stima ya haya malori kukushinda wewe?"

"Ni mwalimu wangu. Yeye ndiye anajua Thika nzima. Lakini leo hayuko, amefiwa." Sasa Mitchell aliinua kichwa, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. "Mwas wa Gatongora. Baba yake si ndio alishikwa na stima jana."

*

Sifuna aliendesha na taa zikiwa zimewashwa mchana kweupe, na Mbula akamwambia neno moja tu njia nzima, kwamba akiwagonga watu hawatafika. Simu ya bosi ililia ikalia ikachoka.

"Nilisimama naye asubuhi nikampa pole," Mbula alisema walipoingia uwanja wa mahakama. "Kucha nyeusi hivyo, na mimi naona ni huzuni."

Jamaa wa Muigai walikuwa wamejaa kwenye veranda. Wengine walikuwa wameandika kwenye makatoni, haki kwa baba, haki kwa mzee wetu. Ngendo alikuwa kwenye benchi ya kwanza mlangoni na Mwas amesimama nyuma yake, mkono begani kwa mama. Gari la mahabusu lilikuwa limeshafika. Mbula akamwita Mwas kwa kichwa, akamtoa mpaka ukutani, upande ambao hakuna watu.

"Wewe ni fundi wa stima ya malori."

"Eeh. Ya Wajerumani sana sana. Kwani nini?"

"Jumamosi ulikuwa kwenu?"

"Nilikuwa. Mzee alinipigia, akasema ati Tobias ameleta mambo ya Sabato na watu hawana maji. Nikapanda nduthi ya bodaboda nikakuja. Nikapanda juu, nikapata floti imekufa, nikanunua ingine hapo kwa hardware, nikaweka. Ikashika mara moja." Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wa Mwas ulilegea. "Alifurahi, madam. Hajawahi kuniita nimfanyie kitu kwa nyumba. Kila siku ni Tobias, Tobias. Siku hiyo akasema, kumbe nina fundi wangu."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Nani anatangaza floti? Floti ni plastiki. Mzee ameshikwa na boksi, boksi ni ya Tobias, na Tobias alionekana hapo Jumapili."

"Tobias hakulifungua."

"Ndio anasema?"

"Ndio anasema, na mimi namwamini. Floti ilikuwa na waya ngapi?"

"Tatu. Nyeusi ya kuingia. Bluu nikapeleka kwa pampu, nikapima, ikawaka fiti."

"Na kahawia?"

"Bodi," Mwas alisema.

Kwenye veranda mtu alianzisha wimbo wa kanisa, wengine wakaupokea kwa sauti ya chini.

"Kahawia ni bodi," Mwas alirudia. "Si ni bodi?"

"Kwa lori."

"Ile ya kijani ilikuwa hapo kwa bolti, na bolti ilikuwa fupi, haingebeba mbili, nikatoa. Nikaifunga tepu isiguse..." Alikuwa fundi mzuri, mkubwa wa mafundi wa laini nzima ya karakana, na mambo haya hayahitaji kuelezwa mara mbili kwa mtu wa namna hiyo. Mbula alimweleza hata hivyo, polepole, tangi likiwa na kiu na tangi likijaa, kwa sababu aliona afadhali asikie kwake kuliko kwa mtu wa kusoma kwa faili. Alimwambia pia kwamba hakuna mtu atakayesema alikusudia. Mwas alisikiliza akiutazama ukuta.

"Jumatatu," aliuliza mwishowe, "alienda kuangalia nini?"

"Pampu ilikuwa imenyamaza. Tangi lilikuwa limejaa."

"Kwa hivyo ilifanya kazi."

"Ilifanya kazi," Mbula alisema. Alikuwa ameshinda, saa nane haijagonga, na mtu asiye na hatia angelala kwake, na bado alitamani sana kuwa mahali pengine.

Alimwacha Mwas na Sifuna, akaingia chumba cha mahakama kumtafuta mwendesha mashtaka. Walizungumza kwa kunong'ona karibu na dirisha, faili isiyo na sahihi ikiwa kati yao, huku mahabusu wakiingizwa na pingu zao. Tobias alikuwa wa mwisho. Akoth akainuka nyuma kabisa na thamosi yake. Ngendo naye akainuka mbele, akamnyooshea Tobias kidole na kumwita muuaji, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, na jamaa wakaguna kumuunga mkono. Askari akawaambia wakae. Wakakaa. Mwas alikuwa ameingia na kuketi kando ya mama yake, na Ngendo akamshika mkono akidhani anamfariji.

Hakimu akaingia. Karani akafungua faili ya kwanza, akaita jina la Tobias.

Aliyesimama ni Mwas, na mama yake alipomvuta shati akae, hakukaa.